Mipira 150 kila jioni ndani ya muzigo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwendesha boda boda hapa Jinja, nina miaka 44. Huwa nasoma majibu yako kwenye simu nikisubiri abiria stejini, na sikudhani kama siku moja ningekaa kukuandikia. Naomba usitaje jina langu, maana wenzangu wa steji nao wanakusoma.

Tuna watoto watatu. Ninayekuandikia habari zake ni wa kwanza, binti wa miaka 14, yuko Sinia ya pili, yaani mwaka wa pili wa sekondari, katika shule ya kutwa. Anacheza softiboli. Wengi hapa hawaujui mchezo huu. Ni ndugu ya besiboli, ila mpira wake ni mkubwa zaidi, na mrushaji haurushi kwa juu ya bega. Anauzungusha mkono duara zima kama pangaboi, halafu anauachia mpira chini, karibu na paja. Binti yangu ndiye mrushaji wa timu yao. Nyumbani mdakaji wake ni mimi.

Utauliza mimi nimeyatoa wapi mambo haya. Mwaka 2012 nilikuwa nakata miwa Lugazi. Ndio mwaka ambao watoto wa Lugazi walikwenda Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za Little League, yaani besiboli ya watoto, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Mwaka mmoja kabla yao timu ya Kampala ilikuwa imefuzu ikanyimwa viza. Binti yangu wakati huo alikuwa bado ananyonya. Nilimtazama mgongoni mwa mama yake nikasema, na huyu naye ana mikono miwili.

Wakati wa jua hatuna shida, uwanja wa shule upo. Shida yetu ni masika. Tangu katikati ya Machi uwanja umekuwa tope la kupandia mpunga, na kocha wa shule amesimamisha mazoezi mpaka mvua zipungue. Alisema kila mtu autunze mkono wake nyumbani. Binti yangu anatazama video za wasichana wa Marekani. Huko theluji ikifunika viwanja wanaingia kwenye majumba makubwa yenye nyavu na zulia la kijani, wanaendelea kama kawaida. Jumba letu sisi ni muzigo, yaani vyumba vidogo vya kupanga.

Tuna vyumba viwili katika nyumba ya safu, na baraza tunaitumia familia sita. Tukisogeza meza na kulikunja pazia la katikati, kutoka ukuta wa nyuma hadi mlango wa mbele ni mita saba. Kipimo cha kurushia kwa umri wake ni futi 43, yaani mita 13 na kidogo. Basi tunaliegemeza godoro mlangoni, mlango tunauacha wazi kwa ajili ya hewa, mimi nakaa juu ya jerikeni na glavu yangu, yeye anarusha kutoka ukutani. Mipira 150 kila jioni, siku sita kwa wiki. Nina daftari, kila mpira nauwekea alama. Nilisoma kwamba Mjapani Yukiko Ueno alirusha mipira 413 kwa siku mbili katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akaipatia nchi yake dhahabu. Nikamwambia binti, unaona, 150 si kitu.

Mvua ikiwa inapiga mabati hakuna anayetusikia. Tabu ni pale inapokatika ghafla. Godoro linalia bu! bu! bu! mpaka saa tatu usiku. Jirani tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja alijifungua wiki ileile mvua zilipoanza. Kila mtoto wake akilala tunamwamsha. Alikuja mara mbili kwa upole. Mara ya tatu akaja na mumewe.

Wiki mbili zilizopita mpira ulipita ubavuni mwa godoro, ukatoka nje na kugonga sigiri, jiko la makaa, ya jirani huyo huyo. Sufuria ya maharage ikapinduka barazani. Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake, nashukuru Mungu hakuna aliyeungua. Nilinunua maharage mengine, nikaomba radhi. Lakini habari zilimfikia mwenye nyumba siku hiyohiyo, naye amesema mpira ukome, la sivyo tuhame mwisho wa mwezi.

Mke wangu anauza mukene, yaani dagaa, anatoka alfajiri kwenda mwaloni Masese na kurudi amechoka. Ameniambia, "Chagua nyumba au mpira. Na ujue godoro mnalolipiga ndilo ninalolalia mimi."

Nimefikiria njia tatu. Ya kwanza ni kuhamia Bugembe, kuna nyumba yenye ua, lakini kodi ni shilingi 250,000 kwa mwezi na hapa tunalipa 130,000, na pikipiki bado naidaiwa. Ya pili, kuna kocha wa Kampala aliyemwona binti yangu kwenye mashindano Desemba. Anasema aje akae nyumbani kwake, ahamie shule ya huko, wana ghala wanalofanyia mazoezi mvua ikinyesha. Ana mke na watoto. Ya tatu ni kuacha kabisa mpaka Juni. Lakini kuna mashindano katikati ya mwaka, naogopa mkono utasahau.

Binti mwenyewe hana neno, ni mtoto mtiifu. Ana nidhamu hata ya kuutunza mkono. Siku hizi maji anayabeba kwa mkono wa kushoto, jerikeni nzima, na hakuna aliyemwambia. Juzi tu ndipo aliponishangaza, akasema, "Baba, leo tusihesabu." Nikamjibu kwamba bingwa ni hesabu. Tukahesabu.

Shangazi, nishike njia gani?

Baba Mdakaji, Jinja

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole na maharage. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu nilimwona yule mama na kichanga chake mgongoni.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Una binti mwenye kipaji, mvua zimewafungia ndani, nyumba ni ndogo, jirani halali, mkeo amechoka, mwenye nyumba amekupa tarehe. Umeniwekea njia tatu mezani, na kila moja ina gharama yake. Zote nitazigusa. Ila kwanza niruhusu nirudi kwenye mistari michache uliyoiweka mwisho kabisa, kama mgeni anayesema jambo akiwa ameshasimama kuaga. Miaka niliyosoma barua za watu imenifundisha kusikiliza sana pale mlangoni.

Nianze na jerikeni. Wewe umeona nidhamu, na huenda ni nidhamu kweli. Mimi nimemwona mtoto anayetumia mkono wa kulia ambaye ghafla ameuhamishia mzigo wa lita 20 mkono wa kushoto bila kuambiwa. Nikajiuliza, bega linamuuma?

Kwa kuwa mimi mwenyewe nilicheza netiboli tu, tena vibaya, nilimwendea mtu ninayemfahamu anayetibu viungo vya wanamichezo. Akaniambia kwamba kwa miaka mingi makocha waliamini kurusha kwa chini ni mwendo wa asili wa mkono, kwa hiyo mrushaji wa softiboli anaweza kurusha leo, kesho na keshokutwa bila madhara. Vipimo vikaja kuonyesha vingine. Nguvu inayolivuta bega mkono unapozunguka na kusimama ghafla inakaribia ile ya mrushaji wa besiboli anayerusha kwa juu. Mara nyingi panapolalamika ni mbele ya bega, kwenye kano inayoshuka kwenye msuli wa juu wa mkono. Na kwa mtoto wa miaka 14 mifupa bado inakua, kwenye ncha zake kuna sehemu ambazo hazijakomaa.

Usimuulize "Unaumwa?" Umeniambia mwenyewe kwamba ni mtiifu, na mtiifu atakujibu hapana. Mwombe abebe maji kwa mkono wa kulia, umwangalie uso. Muulize usiku analalia ubavu gani, na kama kuchana nywele kumekuwa kazi. Afadhali mama yake ndiye aulize, wakiwa wanachambua mukene, siyo wewe mwenye daftari. Kama kuna maumivu yanayobaki hadi kesho yake, au yanayomwamsha usiku, au mkono unakuwa mzito akiunyanyua, basi maswali ya Bugembe na Kampala yasubiri. Bega lionwe kwanza na mganga wa hospitali, na kurusha kusimame mpaka aseme. Kwenye mengine yote nitakuachia uamuzi, hapa nakuomba.

Kisha kuna hiyo hesabu. Mipira 150 mara siku sita ni 900 kwa wiki. Tangu katikati ya Machi, tuseme wiki tano, ni 4,500. Kwenye besiboli ya hao hao Little League unaowapenda, mtoto wa miaka 13 hadi 16 haruhusiwi kuzidisha mipira 95 kwa siku, na akishakaribia hapo analazimishwa kupumzika siku kadhaa. Softiboli haina hesabu kama hiyo ya mipira, kwa sababu ya ile imani niliyokutajia. Kwa hiyo hakuna sheria uliyoivunja, mdogo wangu. Ila tembo asiyezuiwa na uzio bado anaweza kuanguka shimoni.

Na Ueno. Ni kweli, 413, michezo mitatu ndani ya siku mbili. Lakini alikuwa na miaka 26, mtu mzima aliyekomaa, na hizo zilikuwa siku mbili za mwisho za softiboli katika Olimpiki. Wewe umezichukua siku zake mbili za ajabu ukazifanya jioni za kawaida za mtoto wa Sinia ya pili. Kama unataka kumtumia Ueno, mtumie na hivi: mwaka 2021 huko Tokyo alirudi akiwa na miaka 39 na kushinda dhahabu nyingine. Miaka 13 baadaye mkono ulikuwa bado upo. Wahenga wamesema mkamia maji hayanywi, na nadhani walikuwa wamewahi kukutana na baba mwenye daftari.

Halafu yale maneno yake. "Baba, leo tusihesabu." Angalia hakusema tusirushe. Sijui alimaanisha nini, na wewe hujui, maana mlihesabu. Pengine ni bega. Pengine alikuwa na mtihani kesho yake, na saa tatu usiku ndiyo mnamaliza. Pengine alitaka tu kucheza na baba yake jioni moja, bila alama. Katika barua nzima hiyo ndiyo sentensi yake pekee. Umenieleza atakavyokwenda, atakavyobaki, atakavyoacha, na hakuna mahali umeniambia yeye anataka kipi. Ungemuuliza, na ukajizuia kumjibu kwa siku mbili, ungesikia nini?

Sasa tuje kwenye nyumba. Nyumba hizi za chumba na nusu tunaziita mizigo, na kwa Kiswahili chetu jina hilo limebeba ukweli wake. Lakini ngoja nikuulize, nani amesema mita saba hazitoshi? Hazitoshi kurusha kama uwanjani, hapo nakubaliana nawe. Tena kuna hatari usiyoitaja. Mpira wa kwenda mita 13 lazima uachiwe ukiinuka kidogo kuliko wa mita saba. Ukimsifu kila unapotua katikati ya godoro, unaufundisha mkono kulenga godoro. Atarudi uwanjani mipira inagonga vumbi kabla ya kufika, na utadhani mkono umesahau, kumbe umekumbuka ulichoufundisha.

Hao wasichana wa theluji nao si wote wenye majumba ya nyavu. Wengi wao baridi ikiingia wanafanyia ukumbini kwao au pale panapolazwa gari, nafasi kama yako, na wenye busara hawarushi kwa nguvu. Wanaishughulikia sehemu moja moja. Binti anapiga goti, mita mbili au tatu tu, anaurusha mpira kwa kifundo cha mkono peke yake, bila duara. Uchoreni mpira mstari wa wino kuuzunguka. Mstari ukibaki umenyooka hewani, mpira umeviringika vizuri. Ukiyumba, vidole vimeteleza pembeni. Hilo ndilo jambo ambalo uwanjani, kwenye kelele na haraka, hakuna anayekaa kulitazama. Siku nyingine hakuna mpira kabisa. Chora mstari wa chaki sakafuni, awe anajifunza hatua, mguu wa mbele utue kwenye mstari na nyonga zisitangulie. Kioo cha kabati kinatosha kuwa kocha. Ila sakafu ya saruji ikiwa na unyevu inateleza kama samaki, tandika gunia au kipande cha mpira wa tairi, na avae viatu.

Akitaka kuzungusha mkono mzima, kuna ujanja wa soksi. Anashika mpira kiganjani, anavalia juu yake soksi ndefu inayofika karibu na kiwiko. Akiuachia unabaki ndani ya soksi. Hauendi kokote, wala haugongi sigiri ya mtu. Afanye polepole na mara chache, kwa sababu mpira ulioshikwa na soksi unauvuta mkono, na kama bega lina neno asifanye kabisa. Au mkunje soksi kuukuu ziwe mipira, arushe hizo hata hamsini. Hata kichanga hakitageuka.

Na hilo godoro, tafadhali, mrudishie mwenyewe. Godoro linalia kwa sababu limebana, linaupiga mpira nao unalipiga. Funga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, tundika blanketi zito au pazia kuukuu, hatua moja mbele ya ukuta, na upande wa chini uuache huru. Kitambaa kilichofungwa chini kinarudisha mpira, kilicholegea kinaumeza, unadondoka miguuni. Mlango ufungwe. Hewa mtaipata mkimaliza, na mtamaliza mapema, kwa sababu kazi ya namna hii haizidi dakika 30.

Sasa zile njia zako.

Bugembe. Tofauti ya kodi ni shilingi 120,000 kwa mwezi, karibu milioni moja na nusu kwa mwaka, na pikipiki inadaiwa. Wewe ndiye unayejua kama inabebeka. Nina swali dogo tu la mwanamke wa kijijini: hiyo nyumba ina ua, na mvua ya Bugembe hainyeshi uani? Ua bila paa utawafaa miezi ambayo tayari mna uwanja wa shule. Ukihamia huko kwa sababu nyingine, hewa, nafasi ya watoto wote watatu, amani ya mkeo, hiyo ni hoja yenye miguu yake. Kwa ajili ya masika peke yake, piga hesabu tena, hizo unaziweza.

Kampala inanipa kigugumizi, na sitaki kumvunjia heshima mtu nisiyemjua. Huenda ni mwalimu mwema anayejitolea nyumba yake. Wapo. Lakini binti wa miaka 14 anapokwenda kuishi kwa mtu mwenye mamlaka juu ya ndoto yake, anakuwa na sababu nyingi za kunyamaza jambo likiharibika, na wako tayari ni mnyamavu. Atalala chumba kipi, na nani? Mke wa kocha umewahi kuzungumza naye wewe mwenyewe, au mkeo? Kuna wasichana wengine pale, na wazazi wao wanasemaje? Atakuwa na simu ya kukupigia bila kuomba ruhusa? Ada inalipwa na nani, na siku akiumia bega asiweze kurusha, ada hiyo itaendelea? Mtu mwema hachukizwi na maswali haya. Na hukuniambia mkeo anaonaje. Kama kuna ndugu Kampala, zipo njia za katikati: alale kwa shangazi yake wakati wa likizo, aende mazoezini mchana pamoja na wengine, mtazame hali kabla ya kuhamisha shule.

Kuhusu shule, neno moja. Najua stejini mnazungumzia vijana wetu waliosaini na Los Angeles Dodgers, timu ya besiboli ya Marekani, mwaka 2022. Hao ni wavulana wa besiboli. Kwa msichana wa softiboli mlango unaofunguka zaidi ni vyuo vya Marekani vinavyotoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji, na chuo kinatazama mkono pamoja na matokeo ya mtihani. Jioni zinazoisha saa tatu usiku zinakula upande wa pili wa mlango huohuo.

Kupumzika mpaka Juni kunakutisha kuliko yote, nimeona. Mkono hausahau kwa wiki chache, na wachezaji wa nchi za baridi wengi huwa na miezi isiyo na mashindano. Hatari yake iko kwenye kurudi. Akikaa wiki sita kisha siku ya kwanza ya jua umwekee 150, hapo ndipo kano hukatiwa tiketi ya hospitali. Aanze na chache, akiongeza kidogo kidogo. Na ujiandae kwa jambo jingine: anaweza kupumzika akagundua kwamba ameumiss mchezo kama kichaa, au akagundua kwamba alikuwa ameuchoka. Sijui ni lipi unaloliogopa zaidi.

Njia ambayo hukuitaja ni paa la mtu mwingine. Ukumbi wa shule, ukumbi wa kanisa, au ghala. Jinja ni mji wa maghala, na mtu wa boda ndiye anayejua kila geti na kila mlinzi. Saa mbili za Jumamosi mchana, uombe kwa adabu, labda mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akusindikize, na wasichana wengine wa timu waje pia, msiwe wawili tu wewe na yeye. Hapo mita 13 zitapatikana. Kutakuwa na ufunguo wa kufuatilia, pesa kidogo ya mlinzi, taa zisizowaka. Pia utampoteza binti yako kidogo kama mwenzako wa jioni, atakuwa wa timu.

Kuhusu mwenye nyumba, kabla hujaenda kwake pita kwa jirani, ukiwa na mkeo, bila glavu. Muulize mtoto analala saa ngapi. Mwambie mmebadilisha nini, mwonyeshe lile blanketi, mwache binti arushe soksi zake tano asikie mwenyewe. Mwenye nyumba huwa hasikii mpira, anasikia malalamiko, na jirani aliyeridhika anaweza kukuombea kuliko maneno yako yote. Anaweza pia kukataa. Amelala vibaya wiki tano, ana haki yake.

Niandikie tena ukishaona habari ya jerikeni, hata mistari miwili. Na uniambie yule mtoto wa jirani anaitwa nani, maana barua nzima mnamwamsha na hana jina.

Shangazi